Ni kweli Katsura ndiyo mama wa nyumba za kisasa?

"Shikamoo Mwalimu. Ninasoma usanifu majengo, mwaka wa nne, na ninaandika tasnifu. Hoja yangu ni kwamba nyumba ya kifalme ya Katsura, kule Kyoto, ndiyo mama wa nyumba za kisasa za Magharibi: nguzo badala ya kuta nene, milango ya kuteleza, vyumba vinavyofungukiana, hakuna mapambo. Nimeweka picha nyingi nyeusi na nyeupe kuonyesha inavyofanana na kazi za Ulaya za miaka ya 1920. Msimamizi amenirudishia pendekezo. Anasema mambo yalikwenda kinyume, Wajapani ndio walioiga Ulaya tangu enzi ya Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, na Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani, mwenyewe alikana kuwa usanifu wa Kijapani ulimfunza. Nikamjibu kwamba alijifunza huko, ndiyo maana hoteli yake ya Tokyo ilikuwa jengo pekee lililosimama baada ya tetemeko la 1923. Hakukubali. Sijawahi kufika Japani na nauli sina. Nibadilishe mada? Halafu jambo dogo: mjomba wangu wa Tanga ameiona michoro yangu, anataka nimchoree nyumba ya namna hiyo, yenye kuta za karatasi. Itafaa?"

Marahaba. Mada usiibadilishe. Ni nzuri, na wewe na msimamizi wako nyote mna ushahidi mkononi. Shida ni kwamba wewe unataka Magharibi iwe ndiyo iliyokopa, yeye anataka iwe Japani, na tasnifu inayong'ang'ania upande mmoja huangushwa na mfano mmoja tu wa upande wa pili. Ngoja nipitie unayoyaamini, kisha nikuambie ningeandika nini kama ningekuwa wewe.

Hoteli kwanza, kwa kuwa hilo ni jepesi na ukilibakiza litakuaibisha mbele ya jopo. Imperial Hotel ya Wright ilikuwa inazinduliwa siku ile ile ya tetemeko, Septemba 1, 1923, na kweli haikuanguka. Lakini Stesheni ya Tokyo, iliyobuniwa na Tatsuno Kingo na kufunguliwa mwaka 1914, nayo haikuanguka. Jengo la Benki ya Viwanda ya Japani, lililopigiwa hesabu na mhandisi Naitō Tachū na kumalizika mwaka huo huo wa 1923, lilitoka karibu zima kabisa. Hoteli ndiyo iliyotitia, maana msingi wake mfupi ulikaa juu ya tope, na miaka iliyofuata ikaendelea kutitia hadi ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukumbi wake wa mapokezi umehifadhiwa Meiji-mura, makumbusho ya wazi katika mkoa wa Aichi. Habari ya "jengo pekee" ilipigiwa debe na Wright mwenyewe, na kwa jinsi ilivyo tamu imewashinda wahandisi wa Kijapani ambao majina yao hayatajwi.

Kuhusu Wright kukana, msimamizi wako yuko sahihi. Wright alikiri waziwazi deni lake kwa picha za kuchapwa za ukiyo-e, ambazo alizikusanya na kuziuza kwa fedha nyingi, lakini kuhusu majengo alisema yalimthibitishia tu aliyokwisha kuyafikiri. Hata hivyo, kauli ya msanii kuhusu vyanzo vyake ni ushahidi mmoja kati ya mingi. Mwaka 1893 Japani ilisimamisha Hō-ō-den kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago, jengo la mbao lililofuata umbo la ukumbi wa hekalu la Byōdō-in la Uji, likajengwa na maseremala waliotoka Japani. Wright alikuwa kijana akifanya kazi katika mji huo huo. Mwaka 1905 akasafiri mwenyewe hadi Japani. Kwa hiyo aliona, alikuwa na nafasi ya kujifunza, na alikana. Yaandike yote matatu, usifiche hata moja.

Sasa tuje kwenye picha zako, maana hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Kwa ulivyozieleza nadhani ninazijua: ni za Ishimoto Yasuhiro, zilizotoka katika kitabu cha mwaka 1960 chenye maandishi ya wasanifu Tange Kenzō wa Japani na Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus, ile shule ya Ujerumani ya usanifu na sanaa ya kisasa. Ishimoto alizaliwa San Francisco mwaka 1921, akalelewa Kōchi nchini Japani, akarudi Marekani mwaka 1939. Vita vilipofika aliwekwa kizuizini Colorado pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani. Baadaye akasoma upigaji picha Chicago, katika chuo kilichoanzishwa na László Moholy-Nagy, aliyekuwa mwalimu wa Bauhaus. Kwa hiyo alipoingia Katsura mwaka 1953 na 1954, jicho lake lilikuwa limeshafunzwa kutafuta mistari, miraba na vivuli, kwa shule ile ile ya Ulaya unayotaka kuilinganisha nayo. Tange naye akazichagua na kuzikata picha hizo kwa mkono mzito.

Zitazame tena ukiwa na swali moja: paa liko wapi? Katsura ina mapaa makubwa, yamepinda kidogo, yameezekwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Katika picha nyingi za kitabu kile yamekatwa, ikabaki miraba ya nguzo na karatasi. Ndiyo maana inafanana na kazi za Ulaya. Umechukua nyumba iliyokwisha kuchaguliwa, kuangaliwa na kukatwa na watu wa usanifu wa kisasa, ukaitumia kuthibitisha kwamba usanifu wa kisasa umetoka kwake. Msimamizi wako hakulisema hili, lakini ndilo pigo ambalo mtahini makini angekupiga.

Na ile "hakuna mapambo" iondoe leo. Nenda katafute picha za rangi za banda la chai la Shōkin-tei: karatasi ya ukutani ina miraba mikubwa ya buluu na nyeupe, mtu angedhani imebandikwa jana. Katika jengo jipya la Katsura kuna rafu zilizotengenezwa kwa mbao za thamani za aina nyingi, na vishikio vya milango vimetengenezwa kwa umbo la herufi ya Kijapani yenye maana ya mwezi. Hii ilikuwa nyumba ya mapumziko ya watu wa ukoo wa kifalme. Mwanamfalme Hachijō Toshihito aliianza mwanzoni mwa karne ya 17, mwanawe Toshitada akaiendeleza, na majengo yake makuu matatu yaliongezwa kwa nyakati tofauti, kila moja likirudi nyuma ya lenzake mshazari. Wepesi wake ulihitaji fedha nyingi na muda mwingi. Ukiuita umaskini mtakatifu, utakuwa umerudia hadithi ya watalii.

Utaniuliza, basi nani aliyeanza kuiita ya kisasa? Kwa kawaida hutajwa Bruno Taut, msanifu Mjerumani aliyewakimbia Wanazi. Alifika Japani Mei 1933, na kesho yake, tarehe 4, siku aliyotimiza miaka 53, akapelekwa Katsura. Aliandika kwa shauku, akaiweka Katsura upande mmoja na makaburi ya kifahari ya mashogun, watawala wa kijeshi wa zamani, kule Nikkō upande mwingine: hii safi, ile takataka. Lakini lile neno "akapelekwa" lina uzito. Wenyeji wake walikuwa wasanifu wa Kijapani waliokwisha kuipenda Katsura kabla yake. Kishida Hideto, profesa wa Tokyo, alikwisha kutoa mwaka 1929 kitabu cha picha za majengo ya kale yaliyoangaliwa kwa jicho la kisasa. Wasanifu hao walikuwa na vita vyao nyumbani. Mashindano ya kubuni majengo ya serikali yalidai paa la Kiasia juu ya mwili wa zege, na mwaka 1931 msanifu kijana Maekawa Kunio alipeleka mchoro wa kisasa kwenye shindano la Makumbusho ya Kifalme ya Tokyo, akashindwa kama alivyotarajia. Mgeni mashuhuri kutoka Berlin akisema kwamba usasa wenu umo katika nyumba ya mwanamfalme wenu, huyo ni shahidi ambaye hakuna waziri anayeweza kumpuuza. Taut alipata faraja ya mkimbizi, nao wakapata hoja.

Hapa nieleze nyumba yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu kufanana kwa sura hakuthibitishi ukoo. Katika nyumba ya jadi ya Kijapani uzito wa paa hubebwa na nguzo na boriti za mbao zilizochongwa zikaingiana. Kati ya nguzo na nguzo pana nafasi isiyobeba kitu, hivyo unaweza kuweka shoji, yaani fremu nyepesi yenye karatasi inayopitisha mwanga, au fusuma, ambayo haipitishi, ukaziteleza au ukaziondoa kabisa. Sakafu huinuliwa kutoka ardhini, na paa hushuka mbali nje ya ukuta likafunika engawa, ukumbi mwembamba wa mbao unaozunguka vyumba. Vipimo hufuata mkeka wa tatami. Wengi hudhani mkeka huo una kipimo kimoja nchi nzima, lakini Kyoto una urefu wa takriban sentimeta 191 na Tokyo takriban 176, na tofauti hiyo si ya bahati mbaya: kwa desturi ya Kyoto mkeka ulikuwa haubadiliki na nguzo zikasogezwa kuufuata, upande wa Tokyo nafasi kati ya nguzo ndiyo iliyowekwa kwanza na mkeka ukakatwa kuingia. Ukiielewa tofauti hii tu, utakuwa umewapita nusu ya waandishi wanaotaja "vipimo vya tatami" bila kuvipima.

Linganisha na Le Corbusier, msanifu wa kisasa aliyefanya kazi Paris. Mfumo wake wa Dom-ino wa 1914 ulizaliwa na zege lenye nondo na haja ya kujenga upya haraka, kwa bei nafuu, vijiji vilivyovunjwa na vita. Nguzo nazo zikaachana na kuta, lakini kwa sababu nyingine na kwa mali ghafi nyingine. Yeye mwenyewe alifika Japani mwaka 1955, nyumba zake nyeupe zikiwa zimekwisha jengwa zamani. Kwa huyu, hoja yako haina mguu wa kusimamia. Kwa Wright unao. Kwa Rudolf Schindler, aliyefanya kazi kwa Wright kisha akajijengea nyumba Los Angeles mwaka 1922 yenye paneli za turubai zinazoteleza kuelekea bustanini, unao pia. Ndiyo sababu nasema usiandike "Magharibi" kama mtu mmoja.

Upande wa msimamizi wako nao una nyufa. Ni kweli kwamba serikali ya Meiji ilimleta msanifu Josiah Conder kutoka London mwaka 1877, akiwa na miaka 24, na wanafunzi wake wa kwanza, akiwemo Tatsuno, ndio waliokuwa wasanifu wa kwanza wa Kijapani wenye elimu ya Kimagharibi. Kabla ya hapo nyumba ilikuwa kazi ya seremala mkuu. Lakini tazama makazi ya Iwasaki Hisaya, wa ukoo ulioanzisha Mitsubishi, ambayo Conder aliyabuni Tokyo mwaka 1896. Jumba la Kimagharibi lilikuwa la wageni na shughuli rasmi. Nyuma yake, limeunganishwa nalo, palikuwa na jumba kubwa la Kijapani ambamo familia iliishi. Sehemu iliyobaki unaweza kuitembelea leo. Huko si kuiga. Huko ni kuchagua chumba gani kivae nini. Na Conder huyo huyo akawa mwanafunzi wa mchoraji Kawanabe Kyōsai, akaandika juu ya bustani na upangaji wa maua wa Kijapani, akaoa huko na kufia Tokyo mwaka 1920.

Kama ningelazimika kukuonyesha ubadilishanaji huu kwa nyumba moja, ningeiruka Katsura nikaenda Karuizawa, mji wa mapumziko wa milimani huko Japani, kwenye nyumba aliyojijengea msanifu Antonin Raymond mwaka 1933. Raymond alizaliwa Kladno, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, akahamia Marekani, akafika Tokyo mwishoni mwa 1919 kusimamia hoteli ya Wright, kisha akamwacha Wright na kufungua ofisi yake. Umbo la nyumba hiyo, paa lenye miteremko miwili inayoangukia ndani na njia ya mteremko badala ya ngazi, alilitoa kwenye mchoro wa Le Corbusier wa nyumba ya Bwana Errázuriz kule Chile, ambayo haikujengwa. Maseremala wa Kijapani wakaijenga kwa mbao, paa likafunikwa kwa vijiti vya miti. Le Corbusier alipoona picha zake alilitambua wazo lake, akaichapisha nyumba hiyo katika juzuu la kazi zake mwenyewe. Mcheki mwenye uraia wa Marekani, wazo la Mfaransa mzaliwa wa Uswisi kwa ajili ya Chile, mikono ya Kijapani. Mpe msimamizi wako hiyo, umwombe akuambie nani kamwiga nani.

Na ofisi ya Raymond ilikuwa zaidi ya nyumba hiyo. Maekawa alipotoka kwa Le Corbusier, Paris, mwaka 1930, alikwenda kufanya kazi hapo. Msanifu Yoshimura Junzō alilelewa hapo. George Nakashima, Mmarekani mwenye wazazi wa Kijapani, alijiunga mwaka 1934. Kisha vita. Mwaka 1942 Nakashima akawekwa kizuizini na familia yake huko Idaho. Ndani ya kambi akajifunza useremala wa Kijapani kwa fundi mfungwa mwenzake, na mwaka 1943 Raymond akamdhamini akatoka, akahamia shambani kwake Pennsylvania. Ndiye Nakashima wa meza zile maarufu.

Mwaka huo huo wa 1943 Raymond alifanya kazi nyingine. Jeshi la Marekani lilitaka kujua nyumba za wafanyakazi wa Kijapani zinavyoshika moto, na Raymond, aliyezijua kuliko karibu Mmarekani yeyote, akasaidia kubuni kijiji cha mfano katika jangwa la Utah, Dugway. Nyumba zikajengwa kwa mbao, mikeka ikawekwa ndani, zikapigwa mabomu ya moto, zikajengwa upya, zikapigwa tena. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, mabomu ya moto yaliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Baadaye mwaka huo ofisi ya Maekawa iliyokuwa Ginza ikaungua katika mashambulizi, akahamishia kazi nyumbani kwake. Usiiache habari hii kwa kuona kwamba inaharibu mada. Ujuzi ule ule uliompendeza Raymond ndio uliotumika, na tasnifu inayozungumzia "maingiliano ya utamaduni" bila Dugway ni ya vipeperushi.

Basi ungeandika nini? Katsura unaweza kubaki nayo ukigeuza swali: iliangaliwaje, na nani, kuanzia 1929 hadi 1960? Hiyo inawezekana bila nauli, kwa kuwa ushahidi ni vitabu na picha, na ukifika Kyoto ungetembezwa bustanini na mwongozo kwa kibali cha Wakala wa Nyumba ya Kifalme, bila kuingia ndani ya majengo makuu. Hatari yake ni kwamba imeandikwa sana. Nyumba ya Maekawa ya mwaka 1942, iliyohamishiwa kwenye makumbusho ya wazi huko Koganei, ni ndogo na nzuri kwa uchambuzi: paa la jadi la miteremko miwili, ndani sebule yenye kimo cha ghorofa mbili ambayo isingekuwapo bila Paris. Shōfū-sō ya Yoshimura ina hadithi ya ajabu, nyumba ya mtindo wa karne ya 17 iliyotengenezwa Nagoya, ikasafirishwa kwa meli na kuonyeshwa mwaka 1954 katika bustani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, ilhali nyumba iliyofungua mfululizo huo wa maonyesho ilikuwa ya Marcel Breuer, msanifu wa kisasa aliyetoka Bauhaus. Sasa iko Philadelphia.

Kwangu mimi bora ni Chōchiku-kyo, nyumba ambayo Profesa Fujii Kōji alijijengea Ōyamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, mwaka 1928. Alikuwa amezunguka Ulaya na Marekani, na hii ilikuwa nyumba yake ya tano ya majaribio. Alipitisha bomba chini ya ardhi kuvuta hewa ya baridi kutoka kwenye mteremko hadi sebuleni, na akaacha matundu darini hewa ya joto itoke. Sehemu ya tatami aliiinua takriban sentimeta 30 juu ya sakafu ya sebule, ili anayekaa mkekani na anayekaa kitini waangaliane usoni. Fujii hakuuliza mtindo upi ni wa nani. Aliuliza kiangazi cha Kyoto kinahitaji nini, na watu wanaokaa namna mbili wataongeaje. Michoro na vipimo vyake vimechapishwa, na waandishi waliopita hapo ni wachache kuliko Katsura.

Chagua, kisha nenda kwa msimamizi wako ana kwa ana, usimtumie ujumbe. Chukua picha mbili, moja ya Ishimoto na nyingine ya rangi yenye paa lote, umwekee mezani. Viungo vya mbao navyo havisomeki kwenye picha wala kwenye barua yangu. Kaa karakana moja na fundi seremala mzoefu, mwombe achonge kimoja ukiwa unatazama, ndipo utaelewa kwa nini ukuta haubebi kitu. Na ukitaka kwenda, serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo kupitia balozi zake. Kauliza ubalozini mapema, fomu huchukua muda.

Mjomba mwambie asubiri. Japani kwenyewe karatasi ya shoji hukaa ndani, ikikingwa na paa refu na mbao za kufunga usiku na wakati wa dhoruba, na hubandikwa upya kila inapochakaa. Tanga kuna mvua ya upepo, chumvi na mchwa. Karatasi haitamaliza msimu. Anachoweza kuazima ni paa linaloshuka mbali, sakafu iliyoinuliwa na upepo unaopita chumba hadi chumba, na hayo nyumba za pwani yake hazikuyakosa. Kabla ya kuchora chochote, nendeni kiwanjani pamoja na mhandisi na fundi anayeijua mbao ya huko, mkaangalie udongo na mchwa. Wewe bado hujasajiliwa, kwa hiyo michoro ya kuombea kibali cha halmashauri lazima ipitie kwa msanifu aliyesajiliwa, hata kama mjomba anaona hiyo ni gharama ya bure.